Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Posta wa Afrika Mashariki: Toeni Hesabu ya Bahasha Zinazopotelea Mikononi Mwenu

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa mashirika ya posta ya Afrika Mashariki,

Na kwa Waheshimiwa Wakuu wa mamlaka zinazosimamia huduma za posta katika nchi zetu,

YAH: UPOTEVU NA WIZI WA STEMPU NA BAHASHA ZA KALE ZINAZOTUMWA KWA REJISTA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani baada ya kuandika faragha kwa muda mrefu bila kupata jibu lenye maana. Nilianzia kaunta, nikaenda kwa msimamizi wa ofisi, nikajaza fomu niliyopewa, kisha nikaandika barua makao makuu. Mwenzangu aliyenitumia mzigo akafanya hivyohivyo upande wake wa mpaka. Tulichoambulia ni kauli mbili zinazopingana. Upande mmoja unasema barua ilitoka ikiwa salama, na upande wa pili unasema ilipokelewa kama ilivyotoka. Sitalitaja shirika, ofisi wala mtumishi yeyote, kwa sababu shauri bado liko mezani kwa wahusika, na kwa sababu wakusanyaji wenzangu wa nchi zaidi ya moja wamenisimulia mambo yanayofanana mno na yangu, hata siwezi kuamini kwamba tatizo ni la kaunta moja au la mtu mmoja.

Kilichotokea ni hiki. Mwenzangu, ambaye kama mimi hukusanya stempu na bahasha za kale za ukanda huu, alinitumia kwa rejista kurasa tatu za albamu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na bahasha iliyotumwa kutoka Chake Chake mwaka 1964 kwenda kwa mfanyabiashara wa Mombasa, ikiwa na stempu za Zanzibar zilizogongwa kwa mkono maneno “Jamhuri 1964”. Wa pili ulikuwa na kadi ya posta iliyogongwa muhuri wa Tanga enzi za Wajerumani, yenye stempu ya heller 4 (sarafu ndogo ya koloni lile) inayoonyesha meli ya Kaisari, Hohenzollern. Wa tatu ulibeba bahasha ya miaka ya 1930, ya wakati ambapo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu moja, na juu yake kuna picha ya Mlima Kilimanjaro. Kila ukurasa ulitiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kurasa zote zikabanwa kati ya kadibodi mbili, na kila kitu kilipigwa picha mbele na nyuma kabla bahasha haijafungwa. Karani aliipima mbele yake na kuandika gramu 96 kwenye stakabadhi.

Nilipoitwa kuichukua, kona ya chini ya bahasha ilikuwa imekatwa kwa kitu chenye makali, mkato ulionyooka wa urefu wa kiganja, kisha ikafungwa kwa utepe wa kahawia uliofunika nusu ya muhuri wa posta na mistari ya mwisho ya msimbo wa namba ya kufuatilia. Nilimwomba karani aipime kabla sijasaini. Mzani ulisoma gramu 43. Ndani mlikuwa na kadibodi mbili na barua fupi ya mwenzangu iliyoorodhesha, kwa mwandiko wake mwenyewe, vitu vitatu ambavyo havikuwamo tena. Nilisaini kwa kuandika pembeni ya jina langu kwamba nimeipokea ikiwa imefunguliwa na ikiwa pungufu, nikaupiga picha mzani pamoja na utepe, nikaondoka na kadibodi zangu.

Waheshimiwa, huenda baadhi yenu mkajiuliza kwa nini mtu ayafanye makuu mambo ya karatasi kuukuu. Bahasha ile ya Chake Chake si pambo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, posta ya Zanzibar ilijikuta na akiba ya stempu zenye picha ya Sultani, na serikali mpya ikiwa haina stempu zake. Watumishi wa posta, watangulizi wa watumishi wenu, wakachukua muhuri wa mkono na kuandika jamhuri juu ya ufalme, stempu kwa stempu, hadi zilipofika zilizopigwa chapa kwa mitambo. Anayeishika bahasha ya wiki zile anashika ushahidi wa siku ambazo vitabu huzipitia kwa sentensi moja: ofisi gani ilikuwa wazi, barua ilichukua siku ngapi kuvuka bahari, nani alikuwa anamwandikia nani. Stempu peke yake inaweza kununuliwa kwingine, lakini bahasha yenye muhuri, tarehe na anwani yake ni moja tu duniani, na ikishapotea hakuna ya pili ya kuirithi nafasi yake.

Historia yetu ya posta ina utajiri wa namna hiyo kila upande. Uganda ilianza mwaka 1895 kwa stempu zilizochapwa kwa taipureta pale Mengo na mmisionari Ernest Millar, bei zake zikihesabiwa kwa kauri, zile simbi zilizotumika kama fedha. Mwaka huohuo Zanzibar ilitumia stempu za India zilizopigwa jina la Zanzibar juu yake, na makosa ya uchapaji yaliyosomeka “Zanzidar” yanatafutwa na wakusanyaji hadi leo. Lamu ilikuwa na wakala wa posta wa Kijerumani kuanzia mwaka 1888 hadi 1891, na Mafia ilipotekwa na Waingereza mwaka 1915, jina la kisiwa hicho kidogo likagongwa kwenye stempu za adui, Wajerumani. Sehemu kubwa ya urithi huu iko nje, katika albamu za Ulaya na Marekani. Kidogo kinachorudi nyumbani, au kinachosafiri kati yetu sisi kwa sisi, hupita mikononi mwenu, na hapo ndipo kinapopotea.

Hofu inayonisumbua zaidi ni hii. Anayechana bahasha ya rejista kwa kawaida anatafuta fedha. Akikuta karatasi za zamani zenye maandishi yaliyofifia, hajui ameshika nini, na huenda kitu kilichodumu miaka sitini au mia kimeishia kwenye pipa la taka la chumba cha kuchambulia barua usiku uleule. Ndiyo maana kila wiki inayopita bila mtu kutafuta inaniumiza kuliko hasara ya fedha.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hakuna anayeweza kusema barua ilikuwa mikononi mwa nani.

Barua ya rejista hulipiwa zaidi ya barua ya kawaida kwa sababu moja: kila anayeipokea anapaswa kuisainia na kila anayeitoa anapaswa kupewa saini. Umoja wa Posta Duniani, yaani UPU, ambao nchi zetu zote ni wanachama wake, umeweka utaratibu unaofahamika wa namba za kufuatilia: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi. Umeweka pia matukio yanayopaswa kurekodiwa njiani: kupokelewa kaunta, kutoka katika ofisi inayobadilishana barua na nchi za nje, kuingia katika ofisi kama hiyo ya nchi ya pili, kuzuiliwa na kuachiliwa na forodha, kufika ofisi ya kugawia, na mwisho kukabidhiwa kwa mwenyewe. Katika safari ya barua yangu yaonekana matukio mawili tu, la kwanza na la mwisho. Kati yake kuna kimya, na wizi ulifanyika ndani ya kimya hicho.

Kuna wakati nilijibiwa kwamba namba yangu haipo na pengine niliinakili vibaya. Namba hizi zina kinga dhidi ya kosa hilo. Tarakimu nane za kwanza huzidishwa kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, jumla yake hugawanywa kwa 11, na kinachobaki hutolewa katika 11 ili kupata tarakimu ya tisa (jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5). Nilifanya hesabu hiyo, na tarakimu ya tisa ililingana. Namba ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma mahali ambapo ilipaswa kusomwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona pahali ambapo usemi huo unatimia wazi kuliko katika njia ya barua za rejista.

2. Uzito hupimwa mara moja, kisha husahauliwa.

Gramu 96 ziliingia na gramu 43 zikatoka. Kama uzito ungepimwa na kuandikwa mzigo ulipovuka mpaka, leo tungejua gramu 53 zilibaki upande gani, na mashirika mawili yasingekuwa na haja ya kusukumiana lawama. Mizani ipo katika kila ofisi niliyowahi kuingia. Kupima bahasha na kuandika namba moja ni kazi ya sekunde chache, na kwa barua zilizolipiwa ulinzi maalumu, sekunde hizo tumekwisha kuzilipia. Kati ya yote ninayoyasema katika barua hii, hili ndilo ambalo lingeweza kuanza kesho asubuhi bila bajeti mpya, bila mfumo mpya wa kompyuta na bila semina.

3. Bahasha zinafunguliwa na kufungwa bila hati yoyote.

Utepe wa kahawia uliokuwa kwenye bahasha yangu ni ule unaouzwa katika kila duka la vifaa vya ofisi. Haukuwa na jina la shirika, haukuwa na muhuri wa forodha, haukuwa na saini wala tarehe. Mzigo ukiharibika njiani na mtumishi akalazimika kuufunga upya, jambo la uaminifu ni kuandika mahali, tarehe, uzito uliokutwa na jina la aliyeufunga, na ofisi inayopokea mzigo wenye kasoro inapaswa kuitumia taarifa ofisi iliyoutuma mara moja. Nilipoomba kuonyeshwa taarifa hiyo, sikupewa. Ama haikuandikwa, maana yake watumishi waliishika bahasha iliyochanwa na kuipitisha mbele kana kwamba ni nzima. Ama iliandikwa na mnaificha. Sioni jibu la tatu.

4. Utaratibu wa madai unamchosha mlalamikaji hadi muda uishe.

Kanuni za kimataifa zinatoa miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutuma ili dai la uchunguzi lipokelewe. Muda huo ungetosha kabisa kama kaunta zingejua la kufanya. Badala yake mpokeaji huambiwa kwamba mwenye haki ya kudai ni mtumaji. Mtumaji naye huambiwa asubiri kwanza, huenda barua ikafika. Baadaye huambiwa kwamba imeshafika, kwa hiyo hakuna cha kudai. Fomu ya CN 08, ambayo ndiyo fomu ya uchunguzi inayotumika duniani kote, haikuwapo katika ofisi niliyokwenda, na karani aliyenihudumia, kijana mwenye adabu ambaye sina ugomvi naye, hakuwa amewahi kuiona. Mwenzangu aliandika na kusaini kwamba ananiachia mimi haki yake ya kudai, jambo ambalo kanuni zinaliruhusu, na karatasi hiyo nayo ikarudishwa kwamba haieleweki.

5. Fidia haina uhusiano na hasara, na bima haipatikani.

Kwa barua ya kimataifa ya rejista iliyopotea, kiwango cha fidia kilichowekwa katika kanuni za UPU ni SDR 30, ile sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni takribani dola 40 za Marekani. Naelewa kwamba posta haiwezi kubeba hasara ya kila kito kilichowekwa kimyakimya ndani ya bahasha. Kwa ajili hiyo kanuni hizohizo zimeweka huduma ya vitu vyenye bima, ambapo mtumaji hutangaza thamani, hulipia bima, na mzigo huhifadhiwa na kukabidhiwa kwa uangalizi wa pekee. Mwenzangu aliiomba huduma hiyo kaunta. Aliambiwa haitolewi kwenda nchi yangu, na kwamba rejista inatosha. Mtu akinyimwa bima, akahakikishiwa kwamba rejista inatosha, kisha mzigo wake ukaibwa na akaambiwa kosa ni lake kwa kutokata bima, ameonewa, Waheshimiwa, na anayemwonea ni taasisi ya umma.

6. Wizi unachukuliwa kama upungufu wa huduma.

Bahasha iliyochanwa kwa wembe ni tukio la jinai. Hata hivyo dai langu lilipelekwa dawati lilelile linaloshughulikia barua zilizochelewa, na nilipouliza kama polisi wamearifiwa, nilishauriwa niende mwenyewe. Nilikwenda na kuandikisha. Polisi nao waliuliza swali la maana sana: ni nani walikuwa zamu? Jibu la swali hilo liko kwenu peke yenu.

Najua majibu ambayo taasisi hutoa katika mambo kama haya, kwa hiyo naomba niyajibu mapema ili tusipoteze muda.

Mnaweza kusema kwamba vitu vya thamani haviruhusiwi katika barua. Kanuni zinakataza sarafu, noti, dhahabu, fedha, vito na vitu vingine vya thamani kuwekwa katika barua zisizo na bima, na zinatoa nafasi ya kuvituma kwa rejista ndani ya bahasha iliyofungwa pale sheria za nchi zote mbili zinaporuhusu. Mkusanyaji anayetuma sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916, ile yenye tembo, ndani ya bahasha ya kawaida amejitafutia hasara, na mimi mwenyewe huwaonya wenzangu wasithubutu. Bahasha kuukuu na kadi ya posta ni karatasi, na katika orodha ya makatazo ambayo mwenzangu alionyeshwa kaunta, hazikutajwa. Alitangaza yaliyomo, akasema ni vitu vya mkusanyaji, na akapokelewa.

Mnaweza kusema kwamba forodha ndiyo iliyofungua. Inawezekana, na forodha ina mamlaka ya kukagua. Ila ukaguzi wa halali huacha alama, na mzigo hautoki mikononi mwenu kwa sababu tu umewekwa juu ya meza ya afisa wa idara nyingine. Kama mnaamini ni forodha, waandikieni forodha, na mnipe nakala.

Mnaweza kuuliza nitathibitishaje yaliyokuwamo. Ninazo picha za kila kitu mbele na nyuma, stakabadhi yenye uzito, barua iliyobaki ndani yenye orodha, na picha ya mzani. Picha hizo zina kazi nyingine pia. Mwaka 1955, katika maonyesho ya stempu mjini Norfolk, Virginia, iliibwa seti ya stempu nne zilizoungana za Marekani za mwaka 1918 zenye ndege iliyochapwa kichwa chini, mali ya mkusanyaji Ethel McCoy. Wezi walizitenganisha ili zisitambulike. Tatu kati yake zilitambuliwa hata hivyo, kwa sababu picha na kumbukumbu za kila stempu zilikuwa zimehifadhiwa, na ya tatu ilipatikana mwaka 2016 ilipopelekwa kwenye nyumba ya mnada ya New York, miaka zaidi ya sitini baadaye. Vitu vyangu vinatambulika vivyo hivyo kwa kila doa la muhuri na kila kovu la ukingo. Vikijitokeza mnadani au katika duka la mtandaoni, vitajulikana.

Mnaweza kusema nilipaswa kutumia kampuni za kusafirisha vifurushi. Wapo wanaofanya hivyo, na bei wanayolipa kwa kurasa tatu inazidi mara nyingi thamani ya zilizomo. Zaidi ya hapo, jibu hilo likitoka kwa mkuu wa posta ni kukiri kwamba huduma anayoiuza haifai kununuliwa.

Na mnaweza kusema kwamba usalama kamili hauwezekani kwa barua ya kawaida ya rejista, na kwamba watumishi ni wachache na mapato yameshuka tangu watu waache kuandikiana barua. La uhaba nalikubali, na nasikitika nanyi kwa dhati. Wengi wetu tumeipenda posta tangu utotoni, na tusingependa kuona madirisha yake yakifungwa. La kutowezekana nalikataa. Mwaka 1958 sonara wa New York, Harry Winston, aliitoa almasi ya Hope, yenye karati 45.52, kwa jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Aliituma kwa posta ya rejista, ndani ya boksi lililofungwa kwa karatasi ya kahawia, akilipa dola 145.29, ambazo karibu zote zilikuwa za bima ya dola milioni 1. Iliwasilishwa mlangoni na mtumishi wa posta. Miaka ile hapakuwa na msimbo wa kusomwa kwa mashine wala kamera ukutani. Palikuwa na daftari, saini na mtu anayejua kwamba ataulizwa.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Kuhusu barua yangu, mashirika mawili yanayohusika yakae pamoja na kutoa taarifa moja ndani ya siku 30, yenye orodha ya kila ofisi iliyoipokea, tarehe, na cheo cha aliyesaini. Mahali ambapo saini haipo, paandikwe wazi kwamba haipo. Pamoja na hilo, vyumba vya kuchambulia na stoo za barua zilizokosa mwenyewe zipekuliwe kwa kutumia picha nitakazowapa, na watumishi waambiwe kwamba yeyote aliyeziokota kurasa hizo, hata kama zilikuwa zimetupwa, anaweza kuzirudisha bila kuulizwa zaidi. Kama ningelazimika kuchagua kati ya fidia na kurudishiwa bahasha ya Chake Chake ikiwa imekunjamana na bila plastiki, nisingesita hata kidogo.

Kuhusu utaratibu, uzito wa kila barua ya rejista uandikwe kila inapovuka mpaka na kila inapoingia ofisi ya kugawia. Kila bahasha inayofunguliwa na mtumishi yeyote, wa posta au wa forodha, ifungwe kwa utepe wenye namba, tarehe na saini, na mpokeaji awe na haki ya kushuhudia ikipimwa kabla hajasaini. Fomu ya CN 08 iwepo katika kila ofisi inayopokea barua za nje, na karani ajue kuijaza. Orodha ya ofisi zinazopokea vitu vyenye bima, nchi zinazopelekwa na ada zake, ibandikwe ukutani mahali ambapo mteja anaiona kabla hajalipa. Na pale ambapo huduma hiyo haipo kati ya nchi mbili jirani, wakuu wake waeleze ni lini itakuwepo.

Kwenu mlio katika mamlaka za udhibiti, ombi langu ni kwamba msiyaache haya kuwa hiari ya mashirika. Yatakeni yatoe kila mwaka idadi ya barua za rejista zilizopotea au kufika pungufu, idadi ya madai yaliyolipwa na yaliyokataliwa, na mashauri yaliyofikishwa polisi. Siku ya Posta Duniani huadhimishwa tarehe 9 Oktoba, siku ulipoasisiwa UPU mjini Bern mwaka 1874. Hotuba husomwa na mara nyingine stempu mpya huzinduliwa, ambazo sisi wakusanyaji ndio tunaopanga foleni kuzinunua. Ingekuwa siku ya kufaa sana kutangaza hesabu hizo.

Nakala za stakabadhi, picha za kurasa zote tatu, picha ya mzani na utepe, barua ya mwenzangu ya kuniachia haki ya kudai, pamoja na namba ya taarifa ya polisi, ninazo tayari. Bahasha yenyewe pamoja na utepe wake nimeihifadhi bila kuigusa tena, kwa ajili ya mchunguzi yeyote atakayetaka kuiona. Nitavileta vyote katika ofisi yoyote nitakayoitwa, upande wowote wa mpaka, na mwenzangu yuko tayari kufika pamoja nami.

Wenu kwa heshima,

Mkusanyaji wa stempu na bahasha za kale,
Pwani ya Afrika Mashariki